Kabla Ununue Taa ya Kuku, Hesabu Masaa

Wasee, wacha tuongee kuhusu hizi taa za sola za kuku.

Kila wiki sai napata ujumbe wa aina moja. "Bro, nimeona video, ati ukiwekea kuku taa wanataga mwaka mzima. Ni ukweli?" Wengine hata hawaulizi kama ni ukweli. Wananitumia tu picha ya taa niwaambie kama bei ni sawa ama wanapigwa. Na mwezi uliopita kampuni moja iliniandikia nifanye video tatu, niseme taa yao inamaliza kabisa msimu wa kukosa mayai, nilipwe pesa ambayo kwa mtu kama mimi si kidogo. Nimekataa. Sijakataa kwa sababu taa ni uongo. Taa inafanya kazi, na nitawaeleza vile inafanya. Nimekataa kwa sababu hiyo sentensi waliyotaka niseme ingemfanya mama fulani hapa kwetu achukue mkopo wa kitu ambacho hakitamsaidia bado.

Najua kuna mwenye ataenda kwa komenti aandike, "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, utatufunza nini?" Ni sawa. Karo iliisha, nikarudi nyumbani Bungoma, na tangu hapo naishi kwa nyanya yangu nikifanya video za shamba. Kwa Kibukusu nyanya anaitwa kukhu, kwa hivyo kwetu mtu akiita kwa haraka hujui kama anaita nyanya ama anaita kuku. Lakini hii mambo haihitaji digrii. Inahitaji saa ya ukutani, kalamu na daftari ya bob ishirini.

Tuanze na ukweli wa taa.

Kuku hatagi kwa sababu ameamua. Mwili wake unasoma urefu wa mchana. Mwanga unapita hadi kwa mfupa wa kichwa na kufika ndani ya ubongo, ndiyo maana hata kuku kipofu hujibu mwanga. Mchana ukiwa mrefu, ubongo unaamuru homoni zitoke, na hizo homoni zinaambia mayai yaanze kukomaa. Mchana ukipungua, amri inapungua pia. Kuku anaweza kuacha kutaga kabisa, aanze kunyonyoka manyoya na kuotesha mengine. Wafugaji wa kuku wa mayai hulenga masaa 14 hadi 16 ya mwanga kwa siku. Hapo ndipo kuku hutaga vizuri zaidi.

Sasa angalia hiyo ujuzi imetoka wapi. London mwezi wa 12, jua linaonekana kwa masaa yasiyofika manane. Mwezi wa sita linaonekana kwa zaidi ya masaa 16. Kuku wa huko akifika wakati wa baridi, mwili wake unaambiwa mchana umekwisha, funga duka. Ndiyo maana wafugaji wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakiweka taa kwa nyumba za kuku tangu mwanzo wa karne ya 20. Kwao ilikuwa dawa ya shida halisi. Nyingi ya zile video unazotumiwa ukiulizwa "mbona hujaweka taa?" zimetengenezwa na watu wenye hiyo shida.

Hapa Bungoma tuko karibu kabisa na ikweta. Mchana wetu ni kama masaa 12 mwezi wa kwanza, masaa 12 mwezi wa sita, masaa 12 Krismasi. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka mzima haifiki dakika kumi. Hiyo ni kidogo kuliko muda wa kungoja boda ipate mteja wa pili.

Sasa jiulize: kama jua letu halibadiliki, mbona mayai yanapotea miezi fulani?

Nilimuuliza kukhu hilo swali. Hakufikiria sana. Alisema kuku hutaga wakati kuna kitu cha kula. Nikaanza kufuata kalenda yake. Mahindi yakivunwa, punje zimemwagika kila mahali, kwa shamba, kwa uwanja wa kukaushia, chini ya ghala. Kuku wananona na wanataga. Mwezi wa tatu na wa nne tunapanda, na hapo kuku wote wa kijiji wanafungiwa, kwa sababu ukiwaacha watafukua mbegu na jirani atakuja kwako na maneno. Wamefungiwa ndani, hawapati wadudu, hawapati majani, wanatupiwa konzi ya mahindi asubuhi. Halafu mwezi wa tano na wa sita ghala limeisha. Watu wenyewe wananunua gorogoro ya mahindi kwa bei ya kuumiza. Unafikiri kuku anapewa nini hapo?

Huo ndio msimu wetu wa kukosa mayai. Jua halijaenda popote. Ghala ndilo limeisha.

Na yai halitengenezwi na mwanga. Mwanga ni amri tu. Ganda la yai moja lina karibu gramu mbili za kalsiamu, na kuku anatafuta hiyo kalsiamu kwa chakula au anaing'oa kwa mifupa yake mwenyewe. Chakula kizuri cha kuku wa mayai kina protini asilimia 16 hadi 18. Mahindi matupu yana kama nane au tisa, na kalsiamu karibu hakuna. Kuku wa mayai aliyekomaa anakula kama gramu 120 kwa siku na anakunywa maji karibu mara mbili ya huo uzito. Ukimpa nusu ya hiyo halafu umwashie taa hadi usiku wa manane, umefanya nini? Umemwamuru mfanyakazi mwenye njaa aongeze masaa ya kazi. Ataongeza siku mbili tatu, halafu mayai yatakuja na ganda laini kama karatasi, halafu ataanza kuchechemea.

Kuna pia aina ya kuku. Kuku wa kienyeji halisi, yule wa kukhu wa miaka yote, anataga mayai kama 10 au 15 halafu anaatamia. Siku 21 amekalia mayai, halafu wiki kadhaa anazunguka na vifaranga. Mwaka mzima atafanya hivyo mara tatu, nne. Hiyo ni tabia ya uzazi wake, na taa haimtoi kwa kiota. Kuku wa gredi, wale wa kampuni, hawaatamii karibu kabisa, na wakitunzwa vizuri wanakaribia mayai 300 kwa mwaka. Katikati kuna kienyeji walioboreshwa, kama wale wa KALRO Naivasha. Kwa hivyo mtu akikuambia "kuku wako," muulize kwanza kuku yupi. Na hakuna kuku, awe wa gredi ama wa mbinguni, atakayekutagia mayai mawili kila siku kwa sababu ya taa. Yai moja linachukua kama masaa 24 hadi 26 kutengenezwa ndani ya kuku. Hiyo haiharakishwi na balbu.

Sasa nifike kwa jambo lenyewe lililofanya niandike hii.

Nilisema mchana wetu ni masaa 12. Huo ni mchana wa nje. Kuku wako anapata masaa mangapi?

Hiyo ndiyo hesabu karibu hakuna mtu anafanya. Kwetu, kama kwa nyumba nyingi za hapa, kuku walikuwa wanalala jikoni. Ukuta wa udongo, mlango mmoja, dirisha hakuna, moshi umepaka kila kitu rangi nyeusi. Kuku wanaingia wenyewe giza likikaribia. Asubuhi kukhu anaamka mapema kabisa, lakini kuku hawafunguliwi hadi amalize kukamua, apeleke maziwa, arudi. Mwewe pia wako, kwa hivyo hataki vifaranga watoke kabla mtu awe kwa boma. Nilichukua daftari nikaandika wiki mbili mfululizo: saa ya kufungua, saa ya kufunga. Siku nyingi walikuwa wanatoka saa mbili na nusu asubuhi na kuingia kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Masaa kumi. Na msimu wa kupanda, wakifungiwa mle jikoni kutwa nzima, walikuwa wanapata mwanga wa mlango tu.

Yaani tumekaa kwa ikweta, jua la bure masaa 12, na kuku wetu wanaishi karibu na baridi ya London.

Kwa hivyo kitu cha kwanza tulifanya hakikuwa taa. Tulitoa kuku jikoni. Tulijenga banda dogo la mbao na mabati, upande wa mashariki tukaacha wazi nusu ya juu na kuweka waya. Juu tukaweka bati moja la plastiki, lile linapitisha mwanga. Mbele tukazungushia waya kidogo, ndio kuku wakae nje salama hata kama mtu hajarudi kutoka kwa maziwa, na ndio wafungiwe msimu wa kupanda bila kukaa gizani. Hapo tu wakaanza kupata masaa 12 yao kamili.

Cha pili tulirekebisha chakula. Mahindi yamebaki, lakini sasa yanachanganywa na omena iliyosagwa na kupewa pamoja na mboga za kukatakata. Maganda ya mayai tunayakausha, tunayaponda vizuri hadi yasifanane tena na yai, halafu tunawawekea kando wajichagulie. Maji safi kila asubuhi na mchana. Wakati pesa iko, tunachanganya na chakula cha gunia cha kuku wa mayai.

Cha tatu, chanjo. Kama umewahi kuamka ukapata kuku wote wamelala miguu juu, unajua Newcastle. Chanjo yake inatengenezwa hapa hapa Kenya na KEVEVAPI na iko kwa agroveti. Tatizo ni kwamba chupa moja ni ya kuku wengi kuliko wa boma moja, kwa hivyo sisi tunachanga na majirani, tunachanja siku moja. Hakuna taa inayotagisha kuku aliyekufa.

Tulikuwa na majike kumi na mawili, kienyeji walioboreshwa. Kabla ya hayo yote tulikuwa tunaokota mayai matatu, siku nzuri manne. Baada ya kama miezi miwili tukafika sita, saba. Hiyo ni boma moja, si utafiti, na sitawaambia ati kwenu itakuwa hivyo hivyo. Lakini angalia: hatukuwa tumewasha chochote.

Baada ya hapo ndio nikaleta taa. Na ndiyo, iliongeza. Labda yai moja kwa siku, siku zingine mawili. Kwa bob 25 kila yai hapa kwetu, hiyo si mchezo kwa kukhu. Ndiyo maana nasema taa si uongo. Ina nafasi yake, na nafasi yake ni ya mwisho kwa foleni.

Sasa kama umeshafanya hizo zingine na unataka taa, hizi ndizo mambo ningependa mtu aniambie.

Moja, huhitaji taa kubwa. Ukishika gazeti kwa kimo cha kichwa cha kuku na uweze kulisoma kwa shida kidogo, mwanga unatosha. Kwa banda dogo, balbu ya LED ya wati tatu ni sawa. Ukiiwasha masaa mawili umetumia umeme wa kama theluthi moja ya ule unaojaza betri ya simu ya 5,000 mAh. Kwa hivyo mtu akikuuzia mtambo mkubwa wa balbu nne na paneli ya kufunika nusu ya paa, kwa sababu ya kuku kumi, anajisaidia yeye.

Mbili, washa alfajiri, usiwashe jioni. Ukiwasha jioni halafu uzime ghafla, kuku wanaachwa gizani chini, hawaoni mahali pa kupanda. Ukiwasha saa kumi na nusu usiku hadi jua litoke, jioni yao inabaki ya kawaida, wanapanda wenyewe giza likiingia. Hiyo inakupa masaa kama 14. Na ina faida nyingine ambayo sijaona kwa tangazo lolote: taa ya kubeba inaweza kufanya zamu mbili. Jioni iko mezani, mtoto anafanya kazi ya shule. Alfajiri iko bandani. Kwa boma lenye taa moja tu, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuku kusaidia mtoto na kuku kumnyang'anya mtoto mwanga.

Tatu, ongeza polepole. Nusu saa wiki hii, nusu saa wiki ijayo. Na usiwashie vifaranga wala matembe ambao hawajakomaa. Mwanga mrefu unawaanzisha kutaga kabla mwili kuwa tayari. Utapata mayai madogo, na wengine utumbo wa uzazi unatoka nje. Usiwashe usiku kucha pia. Kuku anahitaji giza alale, asipolala anaanza kudonoa wenzake.

Nne, usitumie koroboi wala mshumaa. Maranda, nyasi kavu na moto kwa chumba kimoja, tafadhali.

Tano, na hii ndiyo inaniuma zaidi, usianze kama hutaweza kuendelea. Ukimzoesha kuku masaa 14 halafu umrudishe 12 ghafla, mwili wake unasoma kwamba mchana umepungua. Anaweza kuacha kutaga na kuanza kunyonyoka manyoya. Sasa fikiria hizi taa za kulipia kidogo kidogo kwa simu, ambazo ukikosa kulipa zinajifunga. Huo mfumo umesaidia watu wengi. Nyumba kibao hapa zimetoka kwa mafuta ya taa kwa sababu yake, na sitausema vibaya. Lakini kwa kuku unaweza kuwa mtego. Mama anachukua taa akitegemea mayai yalipe taa. Mwezi wa sita chakula kimeisha, mayai yamepungua, hajalipa, taa imejifunga. Masaa yanarudi 12 kwa usiku mmoja, na hata yale mayai machache yanakatika. Deni liko, taa haiwaki, kuku wananyonyoka.

Ninamjua mama kama huyo. Si mbali na hapa. Alikuwa na kuku wanane, wa kienyeji halisi, wawili kati yao wanaatamia, wote wanalala kwa kibanda kisicho na dirisha. Mtu wa mauzo alimfikia na simu yenye video. Hakumuuliza kuku wanakula nini. Hakumuuliza wanatoka saa ngapi. Alimuuliza nambari ya kitambulisho. Nilipomtembelea, ile taa ilikuwa inaning'inia juu ya kuku wenye vifua kama kisu, na yeye ananiuliza kama ni balbu iko na shida ama ni mahali ameiweka.

Ndiyo maana sikufanya zile video. Pesa ya mayai hapa kwetu ni pesa ya akina mama na ya vijana. Ni chumvi, ni sabuni, ni kalamu, ni ile mia mbili ya kutoa mtoto nje ya geti akirudishwa nyumbani. Haina mtu wa kuitetea. Ng'ombe akiuzwa familia nzima inakaa kikao, lakini kwa pesa ya mayai mtu yeyote anaweza kuja na simu akaichukua kwa dakika kumi. Na sisi tunaotengeneza video ndio tunashikilia hiyo simu. Kama nitalipwa kusema kitu, basi kiwe kitu ningemwambia kukhu nikiwa nimekaa naye jikoni.

Kwa hivyo kabla uniulize bei ya taa, nifanyie hii kitu moja. Wiki nzima, andika saa kuku wanatoka na saa wanaingia. Ukiingia bandani mchana, funga mlango, uangalie kama unaona mstari wa kiganja chako. Pima chakula cha siku moja, ugawanye kwa idadi ya kuku. Halafu niletee hizo namba kwa komenti, pamoja na aina ya kuku na wamechanjwa lini. Nitasoma zote, hata ikiwa mia. Kuna wenye nitawaambia nunua taa kesho. Wengi nafikiri nitawaambia watafute msumeno wakate dirisha.